Kabla ya kuufikia moyo, mwanga hukutana na ngozi

Mwanga ukiingia mwilini hautoki kama ulivyoingia. Mtoto yeyote aliyewahi kuziba tochi kwa kiganja umeme ulipokatika anaujua ule wekundu unaobaki kati ya vidole: rangi nyingine zimemezwa njiani, nyekundu imepenya. Sehemu ya mwanga imenyonywa na damu, sehemu imetawanywa na nyama na mafuta, na sehemu imeishia kwenye melanini, yaani rangi ya ngozi tuliyozaliwa nayo. Kifaa kikipima kiasi kinachorudi, kinaweza kukisia mengi kuhusu kile ambacho mwanga ulipishana nacho. Ndiyo sababu leo wapo wahandisi wanaosema wanaweza kugundua ugonjwa wa moyo kwa kumulika ngozi tu, bila sindano wala maabara.

Madai hayo si ya kitapeli, na baadhi yana ushahidi mzuri. Ninachokitilia shaka ni namna yanavyosafirishwa kuja kwetu. Vifaa hivi husifiwa kwamba vitawafaa zaidi watu wa nchi maskini, kwenye zahanati zisizo na maabara, ilhali vingi vimefundishwa kwa ngozi nyeupe na kwa aina ya magonjwa ya moyo ambayo si yale yanayotusumbua zaidi. Mpaka muuzaji atuonyeshe vinginevyo, fedha za zahanati zinunue kwanza mashine ya presha inayofanya kazi.

Tuanze na sayansi yenyewe, maana inastahili heshima. Miaka ya 1930, mwanafiziolojia wa Marekani aitwaye Alrick Hertzman, wa mjini St. Louis, alitumia taa ndogo na seli inayopokea mwanga kuichunguza ngozi, akaona mwanga unaopokelewa ukipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Moyo ukisukuma, vishipa vya ngozi hujaa damu na mwanga mwingi hunyonywa. Ukilegea, mwanga mwingi hurudi. Mbinu hiyo huitwa fotoplethismografia, jina ambalo sitawachosha nalo tena. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, aliongeza jambo la werevu mkubwa: tumia rangi mbili za mwanga, nyekundu na infraredi, kisha angalia ile sehemu inayodunda peke yake. Kinachodunda ni damu ya ateri. Ngozi, mfupa na nyama havidundi, kwa hiyo vingeweza kutolewa kwenye hesabu. Hapo ndipo kilipotoka kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa UVIKO-19.

Kwa nadharia, basi, rangi ya ngozi haikutakiwa kuleta shida. Tutarudi hapo.

Kutoka oksijeni hadi ugonjwa wa moyo ni safari ndefu, na matangazo hupenda kuchanganya njia zake. Ipo njia ya mapigo. Saa ya mkononi yenye taa ya kijani huhesabu nafasi kati ya pigo na pigo, na nafasi hizo zikiwa za ovyo kwa muda, humtahadharisha mvaaji kwamba huenda vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka badala ya kudunda, hali inayozalisha mabonge ya damu na hatimaye kiharusi. Utafiti mkubwa wa saa ya Apple uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa na washiriki 419,297. Waliopata tahadhari walikuwa 2,161, sawa na asilimia 0.52. Hao walitakiwa kwanza kuzungumza na daktari kwa video, kisha waliofaa wakatumiwa kipimo cha kubandika kifuani ili kuthibitisha. Waliokirudisha kikiwa na data inayosomeka ni 450, na kati yao asilimia 34 ndio waliokutwa na tatizo.

Wengi hunukuu ile asilimia 34, wengine kuisifu na wengine kuibeza. Mimi nakaa zaidi kwenye 450. Hawa ni Wamarekani wenye simu na saa za bei kubwa, waliojiunga na utafiti kwa hiari yao, ambao kipimo cha uthibitisho kingepelekwa hadi mlangoni kwao. Bado karibu wanne kati ya kila watano walipotea kati ya tahadhari na jibu. Sasa mchukue mkulima wa Namtumbo aliyeambiwa na kifaa cha zahanati kwamba moyo wake una walakini, na kwamba ili kupata uhakika asafiri hadi Songea, au pengine hadi Dar es Salaam.

Njia ya pili ni kemia. Mwaka 2023 zilichapishwa habari za kifaa cha kuvaa mkononi kinachopeleka mwanga wa infraredi ndani ya ngozi kutafuta dalili za troponini, protini ambayo hutoka kwenye misuli ya moyo inapojeruhiwa. Kilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 200 kwenye vituo vitano nchini India. Kwa dakika tano kiliweza kukisia kwa usahihi wa takriban asilimia 90 nani troponini yake ilikuwa imepanda. Kwa daktari wa zamu ambaye maabara yake imefungwa tangu saa tisa alasiri, hiyo ni habari kubwa. Lakini waliopimwa walikuwa tayari wamelazwa kwa dalili za shambulio la moyo. Kifaa kinachofanya vizuri wodini, ambako wagonjwa wa kweli ni wengi, kinaweza kuharibika jina kikitolewa nje.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kata ina watu wazima 1,000, na 20 kati yao wana ugonjwa unaotafutwa. Kifaa kinapatia kwa asilimia 90, kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Kitawakamata wagonjwa 18 na kuwakosa wawili. Ila katika wazima 980, kitawatisha 98. Mhudumu atakuwa na watu 116 mbele yake wakisubiri kuambiwa cha kufanya, na 98 kati yao hawana kitu. Kila mmoja anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, labda na ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), nauli, siku ya kazi iliyopotea, na usiku kadhaa wa kutolala. Kifaa ni kilekile, usahihi ni uleule. Aliyebadilika ni mtu anayepimwa.

Ya tatu ni kuangalia uzee wa mishipa kupitia ngozi yenyewe, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Sukari ikizunguka mwilini kwa miaka hujishikiza kwenye protini, hasa kolajeni, ambayo mwili huchelewa sana kuibadilisha. Uchafu huo hujilimbikiza, hukakamaza mishipa, na baadhi yake hung'aa ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitengeneza kifaa ambacho mtu hukiwekea mkono juu yake na kwa sekunde chache kinapima mng'ao huo. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya watu 72,880 ambao mwanzoni hawakuwa na kisukari wala ugonjwa wa moyo. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka minne, wale ambao ngozi yao iling'aa zaidi ndio waliougua na kufa zaidi. Kipimo kisicho na maumivu, cha haraka, na kinachosoma historia ya miaka badala ya sukari ya asubuhi moja: sishangai kwamba kilipendwa.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinahitaji ngozi irudishe mwanga wa kutosha. Melanini hunyonya urujuanimno kwa pupa. Ndiyo kazi yake, ndiyo inayotukinga na jua. Ngozi nyeusi sana hurudisha mwanga kidogo mno kiasi kwamba matokeo hayaaminiki, na watengenezaji wenyewe wameweka kikomo ambacho chini yake kifaa hakipaswi kutegemewa. Marekebisho ya hesabu yalisogeza kikomo hicho, hayakukiondoa. Kipeleke kifaa hiki Juba au Kigoma, uone ni wangapi kwenye foleni watarudishwa bila jibu.

Hata hivyo nakipa heshima. Mashine inayokiri kwamba haiwezi kumpima mtu ni ya uungwana kuliko ile inayompa namba ya uongo kwa kujiamini. Na hiyo ya pili ndiyo habari ya kibanio cha kidoleni.

Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha usomaji wa vibanio na oksijeni halisi iliyopimwa kwenye damu ya ateri. Waliwachukua wagonjwa ambao kibanio kilisema wako kati ya asilimia 92 na 96, yaani wanaendelea vizuri. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo ilificha upungufu wa hatari, oksijeni ikiwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Zaidi ya mara tatu. Kumbuka huu ulikuwa mwaka ambao namba ya kidoleni ndiyo iliyoamua nani apewe kitanda na nani arudi nyumbani. Na haikuwa mara ya kwanza kusemwa: mwaka 1990 madaktari wa Marekani, Amal Jubran na Martin Tobin, walikwisha kuandika kwamba mgonjwa mweusi aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji namba ya juu zaidi kwenye kibanio ili daktari awe na uhakika uleule. Miaka thelathini ikapita.

Aoyagi alikuwa sahihi kwamba melanini haidundi, lakini mwanga ukipungua sana kabla ya kufika kwenye damu, ishara inayobaki huwa dhaifu, na mwanga mwekundu huathirika kuliko infraredi, hivyo uwiano wa rangi mbili hupinda. Zaidi ya hapo, jedwali linalobadilisha uwiano huo kuwa asilimia halikutungwa kwa nadharia. Lilitokana na kupima watu wa kujitolea wenye afya njema waliopunguziwa oksijeni maabara. Ngozi ya watu hao imo ndani ya kila kibanio duniani. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 uliridhika na washiriki 10, ambao wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili, au asilimia 15 ya wote, idadi yoyote iliyo kubwa. Wawili! Rasimu mpya ya Januari 2025 inataka washiriki 150 au zaidi wenye rangi mbalimbali, ikitumia kipimo cha Monk chenye ngazi kumi za rangi ya ngozi.

Kabla ya hapo wengi walitegemea ngazi sita za Fitzpatrick, zilizobuniwa mwaka 1975 ili kukadiria kiasi cha mionzi kwa wagonjwa wa ngozi wa Kizungu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikabanwa kwenye ngazi mbili za mwisho. Mmasai, Mnuba na Mhindi wa Upanga wanagombea nafasi mbili, huku wekundu wa Waskandinavia ukipewa nafasi ya kujinyoosha. (Nikiwa hapo hapo: mwambao wetu una jambo jingine ambalo sidhani kama liliwahi kufikiriwa kwenye maabara hizo. Piko kwenye ncha za vidole vya bibi harusi inaweza kuziba mwanga wa kibanio kabisa. Wauguzi wenye uzoefu humhamishia sikioni.)

Sasa weka historia hiyo kando ya utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Google. Walichukua mawimbi ya mapigo yaliyosomwa kwa mwanga kidoleni, wakaiachia akili mnemba ijifunze kutabiri nani atapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Lengo walilolitaja waziwazi ni nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako vipimo vya kolesteroli ni adimu. Matokeo: ukiwapanga watu wawili wawili, mmoja atakayeugua na mmoja asiyeugua, mfumo huo humtambua wa kwanza kwa asilimia 71.1 ya jozi. Kipimo cha kawaida kinachotumia presha na uzito kilipata 70.9. Wakasema, kwa haki, kwamba mwanga haukuzidiwa na mashine ya presha.

Lakini data ilitoka kwenye hazina ya UK Biobank ya Uingereza, ambayo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake ni weupe. Tena mfumo huo hupewa pia umri, jinsia na uvutaji sigara, na yeyote anayefanya kazi hii anajua kwamba umri peke yake hubeba mzigo mkubwa wa utabiri wa namna hiyo. Maswali hayo matatu karani wa mapokezi anaweza kuyauliza kwa dakika moja, bila taa. Halafu kuna jambo ambalo mashine ya presha inafanya na utabiri haufanyi. Presha ikisoma 180 kwa 110, ugonjwa umepatikana pale pale, na dawa yake ni vidonge vilivyopo kwenye orodha ya dawa muhimu. Kifaa kikisema uko kwenye hatari ya asilimia fulani kwa miaka kumi, mhudumu bado atalazimika kukupima presha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, thuluthi mbili wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na asilimia 46 hawajui. Mwanga umejaribu kuingia hapa pia. Mwaka 2025 FDA iliiruhusu saa ya Apple kutoa tahadhari ya presha ya juu kwa kusoma mishipa kwa siku 30. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, inawatambua takriban wanne tu kati ya kila kumi wenye tatizo. Kwa mtu aliyenunua saa kwa ajili ya kusoma meseji, hiyo ni nyongeza ya bure. Kwa mpango wa taifa, ni kuwaacha sita waende zao wakiamini wako salama.

Na upo ugonjwa wa moyo ambao taa ya ngozini haiwezi kuuona mapema hata ngozi iwe ya rangi gani. Mtoto anaugua mafindofindo yanayosababishwa na bakteria, hayatibiwi sawasawa, yanarudi, na kinga ya mwili inageuka kushambulia valvu za moyo. Akifikisha miaka ishirini, au akipata mimba ya kwanza, anashindwa kupumua. Ulaya na Marekani ya Kaskazini ugonjwa huu umekuwa wa kusimuliwa zaidi. Kwetu umejaa kliniki za moyo, Dar es Salaam na Kampala vilevile. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwachunguza watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine za ECHO za kubebeka, na kati ya waliokutwa na dalili za awali, 818 wakajumuishwa kwenye uchambuzi wa jaribio. Waliochomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, asilimia 0.8 tu walizidiwa. Wasiochomwa ni asilimia 8.2. Kifaa kilikuwa cha mawimbi ya sauti, dawa ni ya zamani na ya bei ndogo, watoto ni wetu. Sijaona kampuni yoyote ikiutangaza utafiti huu kwa picha ya saa inayong'aa.

Sisemi mwanga uachwe. Huko Munich, timu ya Vasilis Ntziachristos inamulika ngozi kwa miale mifupi ya leza na kusikiliza sauti ndogo ambayo tishu hutoa zinapopata joto, na hivyo kuvichora vishipa vya ngozi kimoja kimoja. Wameona namna vishipa vya wavutaji sigara na wagonjwa wa moyo vinavyoshindwa kutanuka damu inaporudi baada ya mkono kubanwa. Huko ni kuuona mshipa ukifanya kazi, jambo lenye maana kubwa kuliko kubahatisha kutoka kwenye wimbi. Ila ni mashine ya maabara kwa sasa, na melanini nayo inang'ang'ania mwanga wake mle mle.

Kwa hiyo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na wenzao wa Nairobi na Kampala, wakiletewa ombi la kusajili kifaa cha aina hii, cheti cha FDA au cha Ulaya kisitoshe. Waulize kilipimwa kwa watu wangapi wa ngazi za mwisho za Monk, usahihi wao umeandikwa peke yake au umefichwa kwenye wastani, na kifaa hufanya nini ishara inapokuwa dhaifu: kinanyamaza au kinabuni namba. Bohari ya Dawa iingize masharti hayo kwenye zabuni. Muuzaji asiyeweza kujibu ukurasa mmoja wa maswali hayo asubiri.

Na data inayokosekana inaweza kupatikana hapa hapa. Kazi ngumu ya kuhakiki vifaa vya mwanga ni kupata damu ya ateri ya kulinganisha nayo, kwa sababu hakuna mzima anayependa kuchomwa ateri. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ina maabara ya kuchunguza mishipa ya moyo, na mgonjwa aliye kwenye meza ile mara nyingi tayari ana mrija ndani ya ateri yake, kwa sababu za matibabu yake mwenyewe. Kwa ridhaa yake na kibali cha kamati ya maadili, vihisio viwili vitatu vya mkononi vinaweza kuvishwa wakati huo huo, vikasoma, vikalinganishwa na presha ya ndani, oksijeni na troponini yake. Hakuna sindano ya ziada. Baada ya wagonjwa mia chache tutakuwa na kitu ambacho kampuni hizo zinakihitaji kuliko sisi tunavyovihitaji vifaa vyao. Mkataba uandikwe kabla ya kihisio cha kwanza kuvishwa: data inabaki kwa taasisi, na kampuni itakayorekebisha programu yake kwa kuitumia inauza kifaa hicho Afrika Mashariki kwa bei iliyotajwa humo.